Kadi Yenye Jina Langu

Bwiza, Bujumbura
Jumatano, baada ya alasiri

Kwa kaka yangu mpendwa Sleiman,

Assalamu alaikum. Naomba barua hii ikukute salama, wewe na wifi yangu Lamya na watoto, na joto la Maskati liwe limewapunguzia kidogo, maana mara ya mwisho Lamya aliniambia hata maji ya bombani yanatoka kama ya chai. Huku nyumbani Shangazi Mwantum hajambo. Miguu inamsumbua kila mvua inaponyesha, na mwaka huu mvua imekataa kuondoka, lakini anatembea, anagombana na muuza mkaa, na anauliza kama yule mdogo wenu ameshaota meno. Mimi pia sina ugonjwa wowote.

Najua, kaka, habari ya uzima wangu imekuwa ngumu kati yetu tangu Jumanne ya juma lile. Ulipata ujumbe wa sauti kutoka kwa Djibril, katibu wa mituweli yetu, akikupa pole kwa kifo changu. Baada ya saa mbili nikakupigia mimi mwenyewe, nawe uliposikia sauti yangu ulipiga ukelele, simu ikakuanguka, nikabaki namsikiliza Lamya akilia. Tangu siku hiyo unaniuliza ilikuwaje, nami nakujibu kwamba mtandao mbaya, sikusikii. Mtandao ulikuwa mzuri. Ni mimi niliyeshindwa. Sasa jirani yetu Faruk anasafiri Ijumaa kuja huko na atakubebea barua, nimeona nikuandikie, labda kwa kalamu nitaweza kufika mwisho.

Ulipoondoka mituweli ilikuwa bado haijaanza, kwa hiyo nikueleze kwanza. Ni umoja wetu wenyewe wa matibabu. Serikali haimo, na hakuna tajiri anayekula faida. Ni mafundi wa kushona, makanika, wauza dagaa, wajane, na hata walimu wawili ambao bima yao ya kazini haifiki mbali. Kila mwezi kila mtu anatoa mchango wake, na tumefanya mkataba na hospitali moja hapa mjini: ukiugua unaonyesha kadi, unatibiwa, mituweli inalipa. Viongozi tunawachagua sisi kila mwaka katika mkutano mkuu. Mzee Hamimu, yule wa duka la vipuri, ndiye rais. Mimi nilikuwa kwenye komite, mwaka wa tatu sasa. Nilikuwa najivunia, sikufichi. Watu walikuwa wananisimamisha njiani kuniuliza mambo.

Kuna sheria moja katika mituweli: mwanachama mpya anangoja miezi mitatu kabla kadi yake haijaanza kufanya kazi. Sheria hiyo ni mimi niliyeipigania. Watu walikuwa wanajiandikisha asubuhi kwa sababu wanaumwa, jioni wako hospitali, wakipona hatuwaoni tena. Nikasimama mkutanoni nikasema tukiendelea hivi umoja wetu utakufa kabla ya wagonjwa. Walinipigia makofi. Mwaka jana Mzee Massoudi, fundi wa redieta, alijiandikisha, na baada ya majuma mawili ngiri ikambana. Akaja kwenye komite kuomba ahurumiwe. Mimi nilisema apana, na wengine wakanifuata. Alipasuliwa, alipona, lakini aliuza vyombo vyake vyote vya kazi. Tangu hapo nikipita mbele ya karakana aliyokuwa akifanyia kazi natazama upande wa pili.

Sasa nifike kwa Geneviève. Unamkumbuka, ndiye aliyekushonea ile suti ya safari. Miaka kumi na mmoja tumeshona chumba kimoja hapa Bwiza, cherehani yake na yangu zimetazamana, akiinua kichwa ananiona, nikiinua namwona. Alikuwa anatoka Kanyosha kila asubuhi na chakula chake kwenye kibakuli, na kila saa sita tulikuwa tunabadilishana vibakuli. Nilimsihi kwa miaka aingie mituweli. Mumewe Sylvère, ambaye analima mboga huko Kanyosha, alikuwa anasema kwamba kulipia ugonjwa ambao haujaja ni kuuita. Mwaka huu, mwezi wa pili, Geneviève alimshinda mumewe, akajiandikisha. Mimi mwenyewe nilimjazia fomu. Mambo haya yalipotukuta, zilikuwa zimebaki siku ishirini na sita kadi yake ianze kufanya kazi.

Alikanyaga msumari njiani akija kazini. Hakuniambia. Jumatatu nilimwona anachechemea, akasema ni kiatu. Jumanne mguu ulikuwa umevimba hadi gotini, umekuwa mwekundu, na alikuwa anatetemeka mpaka sindano ya cherehani ikamvunjikia mara mbili kwenye pindo moja. Nilimwambia twende hospitali. Akasema atanunua vidonge kwa mfamasia, siku ishirini na sita si nyingi. Nilishika paji lake la uso, nikaondoa mkono haraka, lilikuwa linaunguza.

Kaka, katika sheria zetu kuna kifungu kinachosema kwamba mtu akiwa katika hatari, rais na wajumbe wawili wa komite wanaweza kumruhusu atibiwe hata kama muda wake haujatimia. Nakijua kifungu hicho kwa moyo. Nilishika simu, nikatafuta jina la Mzee Hamimu, nikaliona. Kisha nikamfikiria Mzee Massoudi. Nikafikiria watakavyosema, kumbe Thuwaiba anajua kuhurumia, ilimradi awe rafiki yake. Nikaiweka simu juu ya meza ya kukatia vitambaa. Nikafungua mkoba nikatoa kadi yangu.

Picha iliyo kwenye kadi ni ya zamani, uso mdogo ndani ya mtandio. Nikamfunga Geneviève mtandio wangu wa kahawia, nikamchomekea pini chini ya kidevu. Hajawahi kuvaa hivyo maisha yake yote. Katika teksi, pamoja na homa ile, alijitazama kwenye kioo cha dereva akacheka. Akasema, "Kama mi ndiye Thuwaiba, basi leo niwanunie wateja wote mpaka jioni." Nami nilicheka. Dereva pia alicheka, bila kujua anachokicheka.

Hospitali walitupokea vizuri, sina la kuwalaumu. Waliandika jina langu, wakatoa daftari langu la matibabu, maana nilitibiwa hapo mara mbili. Mimi nilisema ni dada ya mgonjwa. Wakamlaza. Muuguzi mmoja, binti mdogo anayeitwa Aya, alisoma daftari, akaandaa sindano, akamchoma. Geneviève alifumba macho. Nikaanza kuhesabu shuka ngapi zimechanika pindo pale wodini, nikawaza tuwaombe kazi ya kuzishona.

Sijui zilipita dakika ngapi. Nilimsikia anakohoa. Nilipogeuka midomo yake ilikuwa imevimba, macho yanafungwa na nyama ya uso, na anavuta hewa kwa sauti ambayo naisikia mpaka sasa ninapokanyaga cherehani. Aya alipiga kelele, daktari akaja mbio, wakaja na wengine. Wakawa wanampiga mashavu wakimwita, "Thuwaiba! Thuwaiba, unasikia? Thuwaiba!" Na yeye alikuwa ananitazama mimi. Kila walipoita jina hilo alikuwa ananitazama mimi. Nilitaka kusema mwiteni Geneviève. Alikufa anaitwa kwa jina langu.

Daktari alitoka akanipa pole kwa msiba wa dada yangu. Nilitoka nje, nikavuka barabara, nikapanda teksi kwenda Kanyosha. Simu ilikuwa bado iko juu ya meza ya kukatia. Kwa hiyo sikujua kwamba hospitali, kwa kuwa kadi ni ya mituweli, walimpigia Djibril kumwambia mwanachama wenu Thuwaiba binti Moosa amefariki. Djibril alinipigia, simu ikalia peke yake dukani. Akafungua fomu yangu, akakuta jina lako kama ndugu wa karibu, akakutumia ule ujumbe. Usimchukie. Alikuwa analia alipoutuma, ameniambia.

Sylvère nilimkuta shambani, amepinda mgongo kwenye tuta la mboga za lengalenga. Nilikwenda kumwambia mkewe amekufa. Nilichomwambia ni kwamba mkewe ni mgonjwa, twende. Njia nzima aliniuliza maswali nami nikajibu ndiyo kwa kila swali. Tulipofika alikwenda mwenyewe kwenye dirisha la mapokezi akauliza amelazwa wapi Geneviève, mke wake. Yule kijana wa mapokezi akatafuta kwenye kompyuta, akatafuta kwenye kitabu, akasema, "Apana baba, leo hatujapokea mutu wa jina hilo." Na Sylvère, kaka, alinigeukia uso umejaa furaha. Akaniambia, "Basi amekwisha rudi nyumbani! Tumepishana naye njiani!"

Papo hapo mlango wa mbele ukafunguka, wakaingia Mzee Hamimu na Djibril. Mzee Hamimu alikuwa amebeba sanda kwapani, mpya, bado imefungwa kwa karatasi ya dukani. Walikuwa wamekuja kunichukua. Djibril ndiye aliyeniona kwanza. Alisema Laa ilaaha illallah, akashika ukuta. Mzee Hamimu alinitazama, kisha akakaa chini sakafuni, mzee mzima na kanzu yake nyeupe, mbele ya watu wote. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, kama wewe uko hapa, kule ndani amelala nani?"

Sylvère alimtazama Mzee Hamimu, akatazama sanda, akanitazama mimi kichwa kitupu bila mtandio. Akanipita akaenda ndani peke yake. Baada ya muda tukasikia sauti yake. Sitaandika ilivyokuwa.

Nyumbani nilifika watu wamekwisha tandika mikeka hadi barazani. Wanawake walikuwa wameketi kumzunguka Shangazi Mwantum. Nilipoingia mmoja alikimbia, wengine wakawa wanasoma dua kwa sauti. Shangazi aliinuka bila kushikwa, akaja akanipapasa uso, pua, masikio, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Aliponithibitisha alinipiga kofi. Kisha akanikumbatia akaniangukia, tukaanguka wote wawili juu ya mikeka ya matanga yangu.

Tulimzika Geneviève Alhamisi, Kanyosha, kwa taratibu za kanisa lao. Nilisimama nyuma kabisa. Watoto wake wawili walinikimbilia kwa sababu hawakuwa wameambiwa lolote, mimi kwao ni mama mdogo. Sylvère hakunifukuza, hakunisalimu. Aliwaambia watu kwamba mkewe amekufa kwa sindano, kwamba hakuwahi kudhurika na dawa maisha yake yote, na kwamba watu wa hospitali wamemuua.

Jumapili ukafanyika mkutano mkuu wa dharura. Tuliazimwa darasa la shule, watu walijaa hadi madirishani, watu wazima wamekaa kwenye madawati ya watoto magoti yamegusa kidevu. Nilisimama nikaeleza mambo ya kadi yote, tangu msumari hadi mtandio. Nilisema najiuzulu, na wanifanye wanavyotaka. Mzee Hamimu aliomba neno. Hakunigombeza. Alisema tu, "Thuwaiba, ungenipigia. Ningesema ndiyo. Nilikuwa nimekaa dukani sina hata mteja mmoja."

Nilidhani hakuna kitakachoniumiza kuliko hapo, mpaka aliposimama Mzee Massoudi. Nilishika ukingo wa dawati. Alisema amekuja na maneno ya mwaka mzima tumboni na alitaka kuyatapika leo. Lakini kwanza anataka kujua jambo moja: kama jina la yule mama lingeletwa mbele ya mkutano huu, ni nani angelikataa? Aliyeko ainue mkono. Hakuna mkono ulioinuka, hata wa watoto waliokuwa dirishani. Akasema, "Basi. Mi nilikuwa nadhani nyinyi ni watu wabaya. Kumbe hamukuulizwa." Akakaa. Alikuwa analia, na wengi walilia.

Waliniondoa kwenye komite, na kadi yangu imechukuliwa kwa miaka miwili. Ni haki. Walipitisha pia kwamba kuanzia sasa mtu akiwa hatarini wajumbe watakubaliana kwa simu, saa ileile, na jina la mgonjwa litasomwa mkutanoni baadaye ili kila mtu ajue. Hospitali wametuandikia barua kwamba wanafikiria kuvunja mkataba, kwa sababu hawawezi kumtibu mtu wasiyemjua. Watu mia nne na zaidi, kaka, wanaweza kukosa pa kutibiwa kwa ajili ya mtandio wangu. Komite imeitwa huko kesho asubuhi kujieleza.

Na sasa nimefika mahali pale ninapokata simu. Ninapoandika hapa nimenyanyuka mara tatu kwenda kunywa maji.

Hapo juu niliposimulia habari ya wodini kuna dakika moja nimeiruka. Niliiruka pia mkutanoni, na mbele ya Mzee Hamimu, na mbele ya Shangazi. Kabla ya kuchoma sindano, Aya aliuliza. Alimuuliza Geneviève kama kuna dawa yoyote iliyowahi kumdhuru. Geneviève alikuwa anaelea kwenye homa, hakusikia. Basi akanigeukia mimi, akaniambia kwamba anataka kumpa penisilini, daftari linaonyesha mwaka jana alipewa dawa hiyohiyo akapona bila shida, je, ni sawa?

Nilijua si sawa. Miaka minane iliyopita, kabla hajaolewa na Sylvère, Geneviève alichomwa penisilini katika zahanati moja Kanyosha, akavimba macho na midomo, wakamwokoa kwa shida. Mimi ndiye niliyekwenda kumchukua. Walimwandikia jina la dawa kwenye kikaratasi, akanipa mimi nikitunze, akasema yeye majina ya Kifaransa hayamkai kichwani, nitakumbuka kwa niaba yake. Na nilikumbuka, wallahi. Aya aliposema lile neno nilikumbuka palepale, niliona hata rangi ya kile kikaratasi.

Lakini daftari lilikuwa langu. Mwaka jana niliyepona bila shida ni mimi. Nikisema dawa hiyo itamdhuru, ataniuliza mbona hapa imeandikwa hivi, na ataitazama picha tena. Nikajiambia miaka minane ni mingi. Nikajiambia labda mwili wake umebadilika, labda ni kipimo kidogo. Yote hayo niliyawaza kwa muda ambao mtu anavuta pumzi mbili. Kisha nikatikisa kichwa kumwambia ndiyo. Hata neno sikulisema, Sleiman. Nilitikisa kichwa tu, naye akaniamini.

Aya amesimamishwa kazi. Kwenye fomu kuna mahali pa kuandika kwamba mgonjwa ameulizwa, naye kwa haraka hakuandika. Anaapa kwamba aliuliza na kwamba dada ya mgonjwa alimjibu. Siku ile ya kwanza mkubwa wa hospitali alinihoji, akaniuliza kama ni kweli. Nilimwambia sikumbuki. Wamesema watamfukuza mwisho wa mwezi na huenda wakampeleka kwa prokireri, mwendesha mashtaka wa serikali. Ana miaka ishirini na mitatu. Jana alikuja dukani kwangu, akasimama mlangoni, hakuingia. Nilidhani atanitukana. Aliniomba tu nijaribu kukumbuka. Alisema, "Dada, hata kidogo. Jaribu hata kidogo." Akaniaga vizuri, akaondoka.

Kesho saa tatu nitakwenda na komite hospitalini, ingawa mimi si mjumbe tena. Mzee Hamimu amekubali nifuatane nao bila kujua nitakachosema. Nitasema kwamba Aya aliuliza, na kwamba mimi nilijua. Nikitoka huko nitakwenda Kanyosha kumwambia Sylvère, kwa sababu hastahili kulisikia kwa mtu mwingine. Sijui atanifanya nini, na sijui sheria itanifanya nini. Barua hii itakufikia Jumamosi, mambo hayo yatakuwa yamekwisha kutokea. Nimeipanga hivyo kwa makusudi, kaka, unisamehe. Ningekupigia leo ungeniambia ninyamaze, na mimi tangu utoto nakutii.

Msalimie sana Lamya. Watoto wabusu kila mmoja, wala usiwaeleze haya mpaka wakue. Shangazi nitamwambia usiku wa leo, baada ya kula. Ukipata nafasi msikitini muombee Geneviève kwa jina lake mwenyewe, ulitamke vizuri. Kama hutapenda kunipigia kwa siku kadhaa nitaelewa. Mpigie Shangazi.

Wako katika damu,
Thuwaiba